Madoa mawili ndani ya kimelea cha malale: lipi ni kiini, na lingine ni nini?

Swali: Katika mafunzo ya maabara tulitazama slaidi ya damu yenye vimelea vya malale, iliyotiwa rangi ya Giemsa. Kila kimelea kilikuwa na doa kubwa katikati ya mwili na kitone kidogo cheusi karibu na ncha moja. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba Giardia, kimelea cha utumbo, ina viini viwili, niliandika kwenye ripoti yangu kuwa kimelea cha malale nacho kina viini viwili. Jibu langu lilikatwa, lakini sikuelezwa kosa langu. Kitone kile ni nini? Na kwa nini seli hizi huitwa sahili, ilhali picha za hadubini ya elektroni zinaonyesha vitu tele ndani yake?

Jibu: Ndugu msomaji, kitone kile si kiini cha pili. Ni furushi la DNA ya mitokondria, yaani kifuko kinachozalisha nishati ya seli, na wataalamu wa vimelea hukiita kinetoplasti. Umekosea jina, lakini jicho lako halikukosea, kwa sababu ulichokiona ni DNA kweli, na rangi ya Giemsa haina namna ya kutofautisha DNA iliyo ndani ya kiini na ile iliyo nje yake. Rangi hiyo, ambayo Gustav Giemsa aliitangaza mwanzoni mwa karne ya 20, ni mchanganyiko wa eosini na rangi za buluu zitokanazo na methilini ya buluu. Inapokutana na saitoplazimu, ule ute wa seli ulio nje ya kiini, hutoa ubuluu, na inapokutana na DNA hutoa wekundu ulioelekea zambarau. Kwa hiyo popote DNA iliposongamana kiasi cha kutosha pataonekana doa, liwe la kiini au lisiwe.

Jambo la kustaajabisha hapa ni kwamba kitone hicho kinaonekana hata kidogo. Seli zetu nazo zina mitokondria, tena nyingi, na kila mojawapo ina DNA yake, lakini huwezi kuiona DNA hiyo kama kitone kwenye slaidi ya kawaida. DNA ya mitokondria ya binadamu ni pete ndogo yenye jozi 16,569 za herufi za kijenetiki, na nakala zake zimetawanyika huku na huko ndani ya seli. Trypanosoma brucei, kimelea kinacholeta malale, imefanya kinyume cha hayo. Ina mitokondria moja tu, ndefu, inayotambaa kutoka ncha moja ya mwili hadi nyingine, na DNA yote ya mitokondria hiyo imekusanywa mahali pamoja, ikawa kama kisahani. Kisahani hicho kimeundwa kwa pete za aina mbili: pete kubwa, kadhaa wa kadhaa, ambazo kila moja ina takriban jozi 23,000 za herufi, na pete ndogo, maelfu kwa maelfu, ambazo kila moja ina takriban jozi 1,000. Pete hizi hazikulundikwa tu, bali zimepenyezana, kila moja ikishikana na jirani zake kama pete za chuma katika deraya, hata isiwezekane kuitoa moja bila kuikata.

Kwa nini kimelea kibebe mzigo wa namna hii? Pete kubwa zinafanana kwa kazi na DNA ya mitokondria tunayoijua, yaani zina jeni za protini chache za upumuaji wa seli. Lakini jeni nyingi kati ya hizo haziwezi kusomeka zilivyo. Mwaka 1986 Rob Benne na wenzake, waliofanya kazi Amsterdam, walionyesha kwamba ujumbe wa RNA, yaani nakala ya jeni, unaotokana na mojawapo ya jeni hizo una herufi za U ambazo hazimo katika DNA. Kimelea huwa kimeziingiza baadaye, baada ya ujumbe kunakiliwa. Mahali pengine huzifuta. Katika jeni moja inayoitwa cox3, zaidi ya nusu ya herufi za ujumbe uliokamilika zimeongezwa kwa njia hii. Pete ndogo ndizo zinazobeba maelekezo ya masahihisho hayo: kila moja hutoa vipande vifupi vya RNA vinavyolala juu ya ujumbe na kuonyesha wapi pa kuongeza na wapi pa kufuta. Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi kwamba seli ya kimelea inaweza kuchagua njia ndefu mno kufika mahali ambapo seli zetu hufika kwa hatua moja.

Jina kinetoplasti lilitokana na dhana kwamba kitone hicho ndicho mtambo wa mwendo, kwa kuwa kila mara kilionekana kwenye shina la flajela, ule mkia mwembamba unaopigapiga kama mjeledi. Dhana hiyo haikuwa sahihi, lakini ujirani huo ni wa kweli na una sababu. Flajela huota kutoka kwenye kitako chake kilicho ndani ya mwili, na kutoka kwenye kitako hicho nyuzi za protini hupenya utando wa mitokondria na kushika kisahani cha DNA. Vimefungwa pamoja. Seli inapojiandaa kugawanyika na vitako viwili vya flajela kuachana, hivyo visahani viwili huvutwa navyo, kila kimoja upande wake. Bila kamba hiyo, mtoto mmoja angeweza kuzaliwa bila DNA ya mitokondria.

Ujirani huo ndio unaokusaidia wewe maabara. Katika vimelea vya malale vilivyo ndani ya damu, kinetoplasti iko nyuma, karibu na ncha butu, na flajela huanzia hapo, hupita ubavuni mwa mwili wote ikiwa imeshikizwa na utando unaopeperuka, kisha huchomoza mbele ikiwa huru. Wengi wanaoanza kutazama hudhani ncha yenye flajela huru ni mkia, kumbe kimelea huogelea kwa kutanguliza ncha hiyo. Ndani ya mbung'o, hatua moja ya maisha yake huwa na kinetoplasti iliyosogea hadi mbele ya kiini. Kwa Leishmania, ndugu wa kimelea cha malale, iliyo ndani ya makrofaji (chembe za kinga zinazomeza vijidudu), mwili umefupika ukawa yai dogo la mikromita 2 hadi 4, flajela haionekani kwa nje, na kinetoplasti ni kama kijiti kifupi kando ya kiini. Ukikutana na viumbe vidogo vya mviringo ndani ya seli, vyenye kiini na kijiti, jibu karibu litakuwa mkononi mwako. Ukiona kiini peke yake, usiharakishe kuandika Leishmania. Tafuta kwanza kijiti.

Sasa nikuhamishe kutoka hadubini ya mwanga hadi ile ya elektroni, kwa sababu sehemu ya pili ya swali lako iko huko. Hadubini ya mwanga ya kawaida haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu zaidi ya mikromita 0.2 hivi, na kimelea cha malale, chenye urefu wa mikromita 20 hadi 30, kina mambo mengi chini ya kipimo hicho. Chini ya ngozi yake kuna mikrotubuli, yaani vijiti vya protini vyenye uwazi kati, vilivyopangwa sambamba kama mbavu za kikapu. Hivyo ndivyo vinavyoupa mwili umbo lake la sindano. Kwa kuwa vimeziba karibu utando wote kwa ndani, kimelea hakiwezi kumeza wala kutoa kitu popote kinapopenda. Kina mlango mmoja tu, mfuko mdogo pale flajela inapochomoza, ambao ni sehemu ndogo sana ya uso wake.

Mlango huo na ngozi hiyo hufanya kazi pamoja kwa namna ambayo mimi huiona kuwa ufundi mkubwa kuliko yote katika kimelea hiki. Uso wa mwili umefunikwa na takriban molekuli milioni 10 za protini ya aina moja, zilizosongamana hata kingamwili zetu zisifikie kilicho chini yake. Kimelea kina jeni nyingi za protini za namna hiyo, zaidi ya elfu, lakini hutumia moja tu kwa wakati mmoja, na kizazi cha vimelea kinapobadili vazi, kinga ya mwili hulazimika kuanza upya. Hilo linajulikana sana. Lisilojulikana sana ni kwamba hata kabla ya kubadili vazi, kimelea hujifuta. Mwaka 2007 Markus Engstler na wenzake walieleza kwamba kingamwili inaponasa kwenye vazi, huchomoza nje kama tanga. Kimelea kinapoogelea mbele, mkondo wa majimaji husukuma tanga hilo nyuma, hadi kwenye ule mfuko wa nyuma, na humo humezwa na kuharibiwa. Uso mzima hupitishwa mlangoni na kurudishwa kwa takriban dakika 12. Mwendo, mlango na vazi ni mtambo mmoja, na seli yenye mtambo huo siwezi kuiita sahili.

Kuna pia vifuko viitwavyo glaikosomu, ambavyo Fred Opperdoes na Piet Borst walivitambua mwaka 1977. Katika seli zetu, vimeng'enya vinavyovunja sukari huelea ndani ya saitoplazimu. Katika kimelea cha malale kilicho ndani ya damu, vimeng'enya 7 vya mwanzo vya njia hiyo vimefungiwa ndani ya vifuko hivyo. Kimelea hiki huishi kwa glukosi ya damu na huitumia kwa kasi kubwa mno, ilhali vimeng'enya vyake vya mwanzo havina breki zile ambazo vya kwetu vinazo, na inaaminika kwamba ukuta wa kifuko ndio unaozuia hatua za mwanzo kutumia nishati ya seli nzima kabla ya hatua za mwisho kuirudisha.

Giardia, uliyoitaja, ni habari nyingine. Hiyo kweli ina viini viwili, vilivyolingana, vyote vikiwa na jeni kamili na vyote vikifanya kazi. Ukiitazama kwa mbele inafanana na tunda la peasi lililopasuliwa, na viini hivyo hukaa upande huu na huu kama macho mawili. Ina flajela 8, na chini ya tumbo ina kisahani cha mikrotubuli kinachoiwezesha kushika ukuta wa utumbo bila kuupenya. Antonie van Leeuwenhoek alieleza mwaka 1681 viumbe alivyoviona katika choo chake mwenyewe, na maelezo yake yanalingana na Giardia. Unapotazama sisti, yaani vimelea vilivyojifunika ganda, ambazo ndizo hutoka na choo na kumwambukiza mtu mwingine, utahesabu hadi viini 4.

Nadhani neno "sahili" ulilolikuta lilitokana hasa na Giardia na ndugu zake. Picha za kwanza za hadubini ya elektroni hazikuonyesha mitokondria ndani yake, wala ile mirundo ya vifuko bapa vya Golgi tunayoijua katika seli zetu. Katika miaka ya 1980 Thomas Cavalier-Smith alipendekeza kwamba viumbe kama hivi ni mabaki ya zama za kale, kabla seli zenye kiini hazijapata mitokondria kabisa. Lilikuwa pendekezo la maana, na lilikuwa na ushahidi kwa wakati wake. Lakini mwaka 1999 mabaki ya mitokondria yalipatikana ndani ya Entamoeba histolytica, amiba aletaye kuhara damu, na mwaka 2003 Jorge Tovar na wenzake wakayapata ndani ya Giardia yenyewe. Ni vifuko vidogo sana vyenye tando mbili, viitwavyo mitosomu. Havina DNA wala havitengenezi nishati. Kazi yao inayojulikana vizuri ndani ya Giardia ni moja, kutengeneza vishada vya chuma na salfa vinavyohitajika na protini nyingine. Kwa hiyo Giardia haikuzaliwa bila mitokondria, bali ilikuwa nazo na ikazipunguza. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu seli ambayo haijawahi kuwa na kitu na seli iliyokiacha baada ya kupata maisha yasiyokihitaji zina historia mbili zisizofanana, hata kama picha zao zinafanana.

Trichomonas vaginalis, kimelea cha njia ya uzazi, imekwenda njia ya kati. Mitokondria zake zimekuwa hidrojenosomu, vifuko ambavyo hutengeneza nishati kidogo bila oksijeni na kutoa hidrojeni. Vifuko hivyo vina protini zenye uwezo mkubwa wa kupitisha elektroni, na dawa ya metronidazoli, ambayo yenyewe haina madhara makubwa kwa seli inayotumia oksijeni, hupewa elektroni hizo ndani ya kimelea ikageuka sumu. Hapo muundo wa seli umekuwa ndio ufunguo wa tiba.

Kuhusu Entamoeba nitasema machache, kwa kuwa mwili wake hauna umbo la kudumu na maabara hutegemea zaidi kiini chake: duara lenye chembechembe ndogo zilizopangwa ukingoni, na kitone kimoja katikati. Sisti iliyokomaa ina viini 4. Ile ya Entamoeba coli, ambayo haileti ugonjwa, huwa na 8.

Plasmodium, kimelea cha malaria, ndicho ambacho ningependa ukitazame kwa makini zaidi baada ya slaidi zako za malale, kwa sababu chenyewe kina DNA mahali patatu. Kwenye slaidi utaona pete ndani ya chembe nyekundu ya damu: ukingo wa buluu ambao ni saitoplazimu, na jiwe la pete ambalo ni kiini. Mahali pa pili ni mitokondria, yenye DNA fupi ya takriban jozi 6,000 za herufi na jeni za protini 3 tu. Mahali pa tatu pamewachukua watafiti miaka mingi kupatambua. Katika miaka ya 1970 DNA ya mviringo ilionekana kwenye vimelea hivi, ikadhaniwa kuwa ya mitokondria. Ilipokuja kusomwa, ilifanana na ya kloroplasti, kile kifuko cha kijani cha mimea. Mwaka 1996 na 1997 ilithibitishwa kwamba ndani ya Plasmodium na ndugu yake Toxoplasma kuna kifuko chenye tando 4 na DNA ya takriban jozi 35,000 za herufi, kilichopewa jina la apikoplasti.

Tando hizo 4 zinasimulia asili yake. Bakteria mwenye uwezo wa kutumia mwanga alimezwa na seli iliyokuja kuwa mwani, kisha mwani mwekundu ulimezwa na babu wa vimelea hivi, na kila tendo la kumeza liliacha tabaka zake. Usanisinuru umepotea kabisa, kwani ndani ya chembe ya damu hakuna mwanga wa kutumia, lakini kifuko kimebaki kwa sababu hutengeneza malighafi ya isoprenoidi (kundi la molekuli zinazohitajika na seli) ambayo kimelea hakiwezi kuipata kwingine. Mwaka 2011 Ellen Yeh na Joseph DeRisi waliondoa apikoplasti katika Plasmodium falciparum iliyooteshwa maabara, wakaipa malighafi hiyo kutoka nje, na vimelea vikaendelea kuishi. Walipoinyima, vilikufa. Ndiyo maana pia doksisaiklini, dawa ya bakteria, huua kimelea kisicho bakteria, na huua kwa kuchelewa: kizazi kilichopata dawa humaliza mzunguko wake wa saa 48 kama kawaida, kisha watoto wake, waliorithi apikoplasti isiyofanya kazi, ndio wanaoshindwa kuendelea.

Kabla ya kuingia katika chembe ya damu, kimelea hiki huwa na urefu wa mikromita 1 hadi 2 tu, na ncha yake ya mbele imejaa vifuko vya silaha. Baadhi ni vidogo kama mbegu, vingine vina umbo la rungu na shingo zake hukutana nchani. Vifuko vidogo hutoa protini za kushika uso wa chembe. Vile vya rungu hufanya jambo ambalo wanafunzi wengi huniomba nilirudie: humwaga protini ndani ya utando wa chembe ya damu, na protini hizo huwa ndizo kishikio ambacho kimelea hukishika ili kujivuta ndani. Hakitegemei mwenyeji awe na mlango unaokifaa, kwa kuwa kinaupachika mlango huo chenyewe. Hutaona lolote kati ya haya kwa Giemsa. Ila utaona chembechembe za rangi ya kahawia katika vimelea vilivyokua, hata pasipo kutia rangi yoyote: hizo ni fuwele za hemozoini, mabaki ya himoglobini iliyoyeyushwa ndani ya kifuko cha chakula, ambazo kimelea huzitengeneza ili hemu, ile sehemu ya himoglobini yenye chuma, isikidhuru. Klorokwini huzuia fuwele hizo zisijengeke. Alphonse Laveran, alipotambua kimelea cha malaria mwaka 1880 huko Algeria, alikuwa anatazama damu mbichi, na chembechembe hizo za kahawia ndizo zilizokuwa zimemvuta kutazama.

Ukirudi kwenye slaidi ile ya malale, nakushauri usiishie kwenye kimelea cha kwanza. Pitia vimelea hamsini au mia, taratibu, kwa lenzi ya mafuta. Kinetoplasti hugawanyika kabla ya kiini, kwa hiyo miongoni mwao utakuta kimelea chenye kiini kimoja na vitone viwili, mara nyingine na flajela changa ikiwa imeanza kuchomoza kando ya ile ya zamani. Baadaye kidogo utakuta chenye viini viwili na vitone viwili, ambacho kiko karibu kupasuka kuwa viwili. Chora vyote vitatu, cha kawaida na hivyo viwili, kwa mpangilio wa kugawanyika kwao, kisha viambatishe kwenye ripoti yako badala ya lile jibu lililokatwa.